Cherehani ya Punguzo na Turubai la Kaka Yako

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana, tarehe tisa, mwezi wa sita.

Mpendwa Wifi yangu,

Nakusalimu kwa mapenzi tele. U hali gani huko uliko? Na goti je? Uliposema kwamba ngazi za kazini kwako zimegeuka adui, Mama aliguna hadi nikadhani goti linalouma ni la kwake. Anasema ulikande kwa maji ya moto kila asubuhi, na usijidanganye kwamba wewe bado msichana. Mimi mjumbe tu, na mjumbe hauawi.

Sisi huku hatujambo. Mama mzima, anakula, anagomba, na siku zote ukisikia anagomba ujue afya ipo. Wanao hawa wa kaka yako nao wazima. Yule mkubwa yuko chuoni, anakumbuka nyumbani pale tu matumizi yanapokwisha. Mdogo amerefuka ghafla, suruali zake zote zimekuwa za kuvukia mto. Mimi nipo na shuka zangu za hospitali. Nazifua, nazianika, nazikunja, na kesho yake zinanirudia kama vile hatujawahi kuonana.

Sasa nije kwenye swali lako, lile uliloliandika kwa herufi kubwa kana kwamba mimi kiziwi: MMENUNUA CHEREHANI AU HAMJANUNUA? Ningekupigia simu, lakini unaijua nyumba yetu. Nikisema tu "wifi", Mama anaidaka simu. Akimaliza yeye anaidaka kaka yako. Mimi nabaki na kuulizwa, "Kwani wewe ulikuwa na la kusema?" Kwa hiyo nimeona nikuandikie. Kaa chini, weka goti juu ya kigoda, nikusimulie. Najua upande mmoja umeshausikia kutoka kwa kaka yako, na najua uliniona mimi ndiye mwenye roho ya jiwe.

Unajua alivyokuwa tangu daktari amwambie kwamba kile kizunguzungu kinatoka kwenye sikio la ndani, na kwamba usukani sasa basi. Mtu aliyezoea kupandisha lori milimani, ukimkalisha kwenye kiti cha sebuleni anakuwa kama kabati. Yupo, lakini mnamzunguka tu mkipita. Hakulalamika hata mara moja. Angelalamika ningejua pa kuanzia. Alikuwa anakaa, anasikiliza redio, ikiisha habari anaizima, anakaa tena.

Kilichomwamsha ni mkoba wangu wa kazini. Mkanda wake ulikatika nikautupa nyuma ya mlango. Niliporudi jioni nikaukuta umeshonwa kwa uzi mnene, mishono imekaa kwenye mstari kama mbegu kwenye tuta. Nikauliza nani aliyeushona. Mama akamnyooshea kidole.

"Wewe? Tangu lini?"

"Tangu lini!" akacheka. "Turubai la lori likichanika porini, ulidhani nani analishona? Mvua haimsubiri fundi."

Wifi, miaka yote hii naishi na mtu na sikujua kwamba anashona. Kila mara alikuwa anarudi na mikono ina mafuta, mimi nikidhani kazi yake ni gari tu.

Basi mkoba ukaleta mkoba. Jirani akaja na begi la shule la mwanawe. Mwingine akaja na kiti cha pikipiki kilichopasuka. Kaka yako anakaa mlangoni na sindano lake lile la maturubai, miwani kwenye ncha ya pua, anashona kwa mkono. Wanaume wa kijiweni wakambatiza jina, Sindano. "Habari za safari, Sindano? Umefika gia ya ngapi?" Naye anawajibu, "Ya tatu, pisheni njia." Nilifurahi kusikia anajibu. Lakini kazi ya mkono inakula siku nzima, na vidole vyake vilikuwa vimetoboka kama chujio.

Ndipo lile duka la vyombo pale kwenye kona, jirani na kinyozi, lilipotangaza kwamba linahama. Kila kitu punguzo. Dirishani wakaweka cherehani ya umeme, nyeupe, ina maua ya buluu ubavuni. Bei ya zamani imekatwa kwa kalamu nyekundu, na mpya chini yake ilikuwa kama nusu ya ile. Kaka yako hakuniambia neno. Nilikuja kuambiwa na muuzaji, siku nilipoingia kutafuta vibanio vya nguo.

"Mama, mzee leo hajaja. Anaumwa?"

"Mzee gani?"

"Mzee wako. Huwa anakuja kukaa na cherehani. Wala hatusumbui, anazungusha tu gurudumu kwa mkono, anaangalia sindano inavyoshuka na kupanda, kisha anatuaga."

Nilirudi nyumbani nimefura kama andazi. Sikiliza, Wifi, nawe ndiye utakayeamua kama nilikosea. Akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya tangi la maji. Hapa kwetu bomba linatoa maji siku linapojisikia. Mimi nafua shuka za watu kutwa nzima, mikono ndani ya maji. Nikirudi nyumbani naanza upya na ndoo, kutoka bomba la mtaa mpaka jikoni, jikoni mpaka bafuni. Tangi lile nililiwaza muda mrefu. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kuliweka.

Nikamwambia, "Nasikia una mchumba dukani." Akajua tu.

"Bei ile haitarudi tena," akasema.

"Na mgongo wangu utarudi?"

Akavua miwani. Halafu akasema, "Basi. Tangi." Hakununa. Hakupandisha sauti. Aliisema ile "basi" kama mtu anayefunga mlango polepole ili asimwamshe aliyelala. Afadhali angenigombeza.

Mama naye akaingilia kutoka chumbani. "Mnunulieni mwanangu, na mimi nishonewe gauni!"

"Mama, yeye anashona mikoba."

"Basi nishonewe mkoba!"

Ndipo siku hizo zilipoanza kuingia zile jumbe zako za kumtetea kaka yako. Sikukujibu, na unisamehe. Haki ilikuwa upande wangu, niliipima huku na huku na kila nikiipima ilikuwa yangu. Lakini haki yenyewe ilikuwa imenikaa kooni. Nilikuwa nakunja shuka kazini na kumwona yeye kwenye kile kiti, na redio iliyozimwa.

Jumamosi tukatoka kwenda kununua tangi. Njia ni ile ile ya kona. Tulipokaribia duka, kaka yako akavuka barabara akahamia upande wa pili. Bila sababu. Huku kivuli, kule jua kali, naye akachagua jua. Nikaelewa kwamba hataki kupita mbele ya lile dirisha. Wifi, mtu huyu aliwahi kushusha lori mlimani breki zimeshaanza kunuka, akafika chini akashuka akanywa chai. Leo anakimbia kioo cha duka! Miguu yangu ikakataa kuendelea.

Nikavuka, nikamshika mkono. "Twende ndani."

"Tulishakubaliana."

"Tulikubaliana mimi na mimi. Twende."

"Kiranja, usinitese," akasema, maana nikishaamua jambo ndilo jina analoniita.

Nikamvuta. Watu walitutazama, niliona. Muuzaji alipotuona akachangamka, akatoa mashine dirishani, akaifuta vumbi, akaichomeka kwenye umeme. Akampa kaka yako kipande cha kitambaa cha shuka. Kitambaa cha shuka, Wifi, kana kwamba zile za hospitali hazitoshi.

Akaketi. Laiti ungemwona. Kisigino akakiweka sakafuni, unyayo akaulaza juu ya pedali taratibu, kama mtu anayeondoa gari lenye mzigo wa mayai. Mashine ikaanza kutembea. Mikono yake imelala pande mbili za kitambaa, inakiongoza bila kukivuta. Na midomoni, yeye mwenyewe hajui, anatoa mngurumo mdogo, ule wa lori likibadilisha gia. Muuzaji akanitazama, akaziba mdomo asicheke. Mshono ukatoka umenyooka. Kwenye kona akapunguza mwendo, akageuza, akaendelea.

Hapo mimi nikawa nimekwisha. Nikasema moyoni, tangi litasubiri, mimi na ndoo tunajuana. Nikafungua pochi. "Tunachukua," nikamwambia muuzaji.

"Subiri," kaka yako akasema.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha turubai kilichokunjwa vizuri. Nikamkazia macho. Yaani mtu anavuka barabara kukwepa dirisha, na mfukoni ana turubai! Alikwepa dirisha, lakini tamaa yake alikuwa ametoka nayo nyumbani. Alipoona nimemwelewa akatazama pembeni kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Akakunja turubai mara mbili, kama unavyokunja pindo la begi, akaliweka chini ya sindano. Akakanyaga. Mashine ikaguna. Akakanyaga tena. Sindano ikapinda, ikakatika pa! Kipande kikaruka mpaka kwenye masufuria. Muuzaji akaleta sindano nyingine, nene kuliko zote alizokuwa nazo. Safari hii mashine ililia, ikatoa harufu ya mpira ulioungua, ikasimama katikati ya mshono.

"Baba," muuzaji akasema kwa upole, "hii ni ya mashati na mapazia."

Na mimi, mimi niliyegombana na mashine ile nyumbani kwangu, nikasikia mdomo wangu unaibembeleza. "Si akishona polepole? Si akishona mikoba myepesi? Dada, hamwezi kupunguza tena kidogo?"

Kaka yako akainuka kitini. "Hata wakitupa bure, Kiranja. Gari dogo ukilipakia mzigo wa lori, likivunjika kosa si la gari." Akatoa leso yake, akaifuta ile mashine pale alipoishika. Akamwomba muuzaji radhi kwa ile sindano, akataka kuilipia. Muuzaji akakataa. Tukatoka.

Nje nikaanza kulia, njiani, mchana kweupe, mbele ya kinyozi na wateja wake.

"Tangi liko mbele kule," akaniambia.

"Silitaki tangi."

"Sasa unataka nini?"

Akaniazima ile leso, yenye vumbi la cherehani. Tukaenda tukanunua tangi hivyo hivyo, maana ndilo tulilolifuata. Tukarudi nalo kwenye mkokoteni, sisi tunatembea nyuma yake. Majirani wanatoka milangoni, "Hongereni! Hongereni sana!" Nasi tunaitikia, "Ahsanteni," kwa sauti ya watu wanaotoka mazikoni.

Sasa, siri ukitaka ifike mbali mpe Mama yako. Kabla tangi halijashushwa alikuwa ameshaegemea ukuta wa uani anamsimulia Kipaza habari ya sindano iliyovunjika. Kipaza sidhani kama unamkumbuka, alihamia wewe ulipokwisha kuondoka. Ni mama fundi, anashona magauni nyumba ya ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu. Jina hilo amepewa kwa sababu akiongea hahitaji kipaza sauti. Kesho yake tukamsikia kabla hatujamwona.

"Dereva! Kwani mimi sina mlango? Hujui kubisha hodi?"

Kaka yako akatoka akiwa na kikombe mkononi. "Kuna nini, fundi?"

"Kuna nini! Mwezi mzima nasikia unanunua mashine, mimi usiku na mchana najiuliza nimemkosea nini huyu mtu anataka kuninyang'anya wateja wangu. Leo ndiyo nasikia kumbe unataka kushona maturubai! Si ungesema?"

"Mimi na magauni wapi na wapi? Gauni lina kona kuliko njia ya mlimani. Ningeshindwa kwenye bega la kwanza."

Kipaza akacheka mpaka akakalia ngazi yetu. Kumbe naye alikuwa na ya kwake. Begi zikija anazikataa, kwa sababu bega lake la kulia halitaki tena kazi nzito. Na ndani kwake, chini ya rundo la vitambaa, ana cherehani ya zamani ya chuma, ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, aliyoiacha siku aliyonunua ya umeme. Akatuita tukaione.

Tulipofukua vitambaa tukaikuta imelala pale na vumbi lake. Mkanda umekatika, gurudumu limeshika. Kaka yako akaizunguka mara moja, akapiga magoti, akachungulia chini yake. Wifi, niliiona ile sura. Ni sura aliyokuwa nayo zamani akifungua boneti. Akaomba bisibisi na mafuta.

Aliifungua yote, akapanga vyuma juu ya magazeti sakafuni, na Kipaza akawa anazunguka zunguka analalamika kwamba hatapata tena mashine yake, atapata chuma chakavu. Akaisafisha, akaitia mafuta, akatafuta mkanda wa ngozi. Ilipokuwa tayari akatoa mfukoni lile turubai lake, akalikunja, tena safari hii akaongeza mkunjo mmoja kwa ubishi. Akakanyaga. Ikapita bila hata kukohoa. Kipaza akapiga kigelegele, mtaa mzima ukadhani kuna harusi.

Wakakubaliana wenyewe, sikuwaingilia. Kazi nzito zote ni za kaka yako, magauni na mashati ni ya Kipaza, na sehemu ya mapato inakwenda kwa mwenye mashine. Akitaka kuinunua baadaye watazungumza. Kwa hiyo jibu la swali lako, Wifi, ni kwamba hatujanunua, lakini kaka yako anashona. Ile nyeupe yenye maua ilichukuliwa na mwalimu mmoja wa kike, nasikia anashona mapazia mazuri sana, na mimi sina kinyongo naye.

Kazi ipo. Mabegi, mahema, viti vya pikipiki, na juzi juzi ile mifuko mikubwa tunayokusanyia shuka chafu hospitalini. Ilikuwa imeachana yote. Nilimtajia msimamizi wangu kwamba namjua fundi mmoja hodari, sikusema ni nani kwangu. Alipoiona imerudi akaniuliza, "Huyu fundi wako ni mtu wa kuaminika?" Nikamwambia bado namchunguza. Sasa kutwa nzima nasukuma mifuko yenye mishono ya mume wangu.

Na kijiweni wale wale waliokuwa wanamcheka, mmoja alikuja na kiti cha gari lake amekifunika kwa gazeti ili wenzake wasikione. Kaka yako akakipokea kama hajui chochote.

Tangi nalo lipo, limekaa pale pale nilipopachagua. Maji yakija nalisikia linavyojaa, nami nakaa tu, nimekunja mikono. Mama anasema nimekuwa mvivu. Namwacha aseme.

Nikumalizie na jambo moja, hili kaka yako hawezi kukuambia kwa sababu hajui kwamba ni jambo. Siku ya kwanza ya kazi, Jumatatu, aliamka akaoga, akavaa shati lenye kola. Akanywa chai akiwa amesimama. Kisha akaenda akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, akasema, "Haya. Mimi naondoka."

Anaondoka kwenda ng'ambo ya barabara, Wifi. Dirisha letu likiwa wazi naiona meza yake. Lakini nilisimama na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi. Nyumba hii kwa muda mrefu anayeaga alikuwa ni mimi peke yangu, na yeye ndiye wa kubaki. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna kitu cha kumjibu mtu anayeondoka.

Mama ndiye aliyejibu, kutoka kitandani kwake, kwa sauti ya utani mtupu: "Safari njema, mwanangu! Ukifika utujulishe!"

Akacheka, akatoka. Nikamtazama dirishani. Alisubiri pikipiki ipite, akavuka, akafika kwenye mlango wa Kipaza. Halafu akageuka, akainua mkono juu kabisa, kutujulisha kwamba amefika.

Karatasi inaniishia na chakula kinataka kuungua. Mpe shemeji salamu zangu, mwambie deni lake la kunicheka kwa ajili ya ile keki niliyoiunguza nalikumbuka. Wabusu wapwa zangu wote, hata yule anayejiona mkubwa wa kubusiwa. Mama anakusalimu na kukukumbusha maji ya moto. Kaka yako anakusalimu, yuko kazini hata leo Jumapili, eti kuna hema la watu linaharakishwa.

Mungu akulinde kwenye ngazi zako, akupe usingizi mwema na watu wema wa kukuzunguka, na siku akikuleta huku akulete na nafasi kwenye begi. Likichanika, fundi yupo.

Wako akupendaye,
Wifi yako, Kiranja.